Barua ya wazi: Migodi iliyoachwa watu waachiwe popo

Kwa Waheshimiwa Mawaziri wa Nishati na Maendeleo ya Madini, na wa Utalii, Wanyamapori na Mambo ya Kale;
Kwa Wakurugenzi wa Mamlaka ya Wanyamapori ya Uganda na Mamlaka ya Taifa ya Usimamizi wa Mazingira.

YAH: KUITANGAZA MIGODI YA ZAMANI KUWA MAKAZI YA POPO YANAYOLINDWA

Waheshimiwa,

Nawaandikia kutoka Kasese, tena kwa Kiswahili, kwa kuwa mgodi ndio ulioileta lugha hii nyumbani kwetu. Baba yangu alikuwa mchimbaji Kilembe. Shifti moja iliposhuka chini ilikuwa na Mkonzo, Mtoro, Mkiga, Mluo na Mkongomani, na ili mtu amwonye mwenzake kwamba jiwe linaporomoka, ilibidi wote wawe na neno moja. Neno hilo lilikuwa la Kiswahili. Shaba ya Kilembe ilianza kutoka mwaka 1956, mwaka ambao reli nayo ilifika Kasese, na mwaka 1982 kazi ikasimama. Nilikuwa mdogo. Nakumbuka baba akirudi siku hiyo na kuitundika kofia yake ya kazi kwenye msumari ukutani, na haikushuka tena.

Leo mimi ni mwalimu wa baiolojia katika shule ya sekondari, na barua hii inawahusu wale wanaoingia mgodini baada ya baba zetu kutoka.

Ombi langu nalitanguliza ili hata mwenye haraka alipate. Mgodi ambao kazi yake imekwisha na popo wamehamia humo, usizibwe kwa kifusi, usifukizwe moshi, wala waliomo wasiuawe. Utangazwe kisheria kuwa makazi ya wanyamapori. Watu wazuiwe kuingia, popo waachwe wapite. Na mgodi wa kwanza kutangazwa uwe Kitaka.

Najua jina hilo linavyotisha. Kwa sababu hiyohiyo naanza nalo.

Kitaka ni mgodi wa dhahabu na madini ya risasi, ndani ya msitu, upande wa Kamwenge, si mbali na mji wa Ibanda. Kati ya Juni na Septemba 2007 wachimbaji wanne waliugua homa ya Marburg, ugonjwa wa virusi unaoua. Mgodi ukafungwa. Wanasayansi wa Taasisi ya Utafiti wa Virusi iliyoko Entebbe, pamoja na wenzao kutoka Marekani, wakaingia humo wakiwa wamejifunika kutoka utosini hadi nyayoni. Walikuta popo zaidi ya 100,000, wa ile aina ya wala matunda inayoitwa popo wa Misri. Katika kila popo 100 waliopimwa, kama 5 hivi walikuwa na virusi. Tangu mwaka 1967, ugonjwa huu ulipowapata watu 31 Ujerumani na Yugoslavia kupitia tumbili waliosafirishwa kutoka hapa Uganda, na 7 kati yao wakafa, wataalamu walikuwa wakitafuta mahali virusi hivi vinapojificha. Kitaka ilikuwa mara ya kwanza kwa virusi vya Marburg kutolewa vikiwa hai katika mwili wa popo.

Yaliyofuata ndiyo yanayoninyima usingizi. Mwaka 2008 watu waliotaka kurudi kuchimba waliamua kuwamaliza popo wote. Waliziba midomo ya mgodi kwa matete, wakatandaza nyavu za kuvulia samaki, na popo waliojaribu kutoka jioni kwenda kutafuta chakula wakanasa. Kazi hiyo iliendelea wiki kadhaa. Watafiti waliporudi walikuta mirundo ya mizoga msituni, na ndani ya mgodi hapakuwa na popo hata mmoja. Yeyote aliyeogopa Marburg angeweza kudhani kwamba hatari imezikwa.

Oktoba 2012, Ibanda, kama kilomita 20 kutoka Kitaka, ulizuka mlipuko wa Marburg mkubwa kuliko wowote uliokuwa umerekodiwa nchini mwetu. Watafiti walirudi mgodini mwezi uliofuata. Popo walikuwa wamerejea, lakini wachache, kati ya asilimia 1 na 5 tu ya idadi ya mwanzo. Walipowapima, wenye virusi hawakuwa tena asilimia 5.1. Walikuwa asilimia 13.3. Na virusi vya wagonjwa wa 2012 vilifanana sana na vile vilivyowahi kupatikana kwa popo wa mgodi huo.

Naomba msome tarakimu hizo mara ya pili. Popo walipungua mno, na sehemu ya wenye ugonjwa ikazidi mara mbili.

Wanafunzi wangu wa kidato cha nne huelewa sababu kwa dakika kumi, kwa hiyo si jambo la kuwashinda wakubwa. Katika kundi lililotulia, popo wengi wazima walikwisha kuambukizwa wakiwa wadogo, wakapona, na miili yao ina kinga. Virusi vinazunguka kwa wachache, hasa vijana wa umri wa miezi sita hivi, ambao kinga waliyoipata kwa mama zao imeisha. Ukiliua kundi hilo, unaua pia kinga yote iliyojengeka kwa miaka. Shimo linabaki tupu, giza lake zuri, unyevu wake mzuri, na popo wageni wanakuja kutoka mapango mengine, wengi wao wakiwa hawajawahi kukutana na virusi hivyo. Ni kama kukusanya watoto ambao hawajachanjwa surua katika chumba kimoja.

Sasa niwapeleke umbali wa kilomita 50 hivi kutoka Kitaka, katika msitu wa Maramagambo, ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Queen Elizabeth. Huko kuna pango linaloitwa Pango la Chatu, lenye popo wa aina ileile na virusi vilevile. Mtalii Mmarekani aliyeingia humo karibu na mwisho wa 2007 aliugua, akapona. Mwaka 2008 mtalii wa Uholanzi aliingia, akarudi kwao, akafa. Hapa serikali haikuleta nyavu wala moto. Ilipiga marufuku kuingia pangoni, na baadaye kikajengwa chumba chenye vioo, kwa umbali, ambapo mgeni anasimama na kuwatazama popo bila kuvuta hewa yao.

Aina moja ya popo, ugonjwa mmoja, mwaka mmoja wa 2008, na majibu mawili. Waliouawa Kitaka walituachia asilimia 13.3. Walioachwa Maramagambo walitupa elimu, kwa kuwa ni katika pango hilo watafiti walifuatilia kundi kwa zaidi ya mwaka na kugundua kwamba popo hawa huzaa kwa misimu miwili kwa mwaka, na kwamba virusi hupanda kila mara kizazi kipya kinapofikia ule umri wa miezi sita. Walipolinganisha na wagonjwa wa miaka iliyopita, wengi waliambukizwa katika vipindi hivyohivyo: kuanzia katikati ya Juni hadi katikati ya Septemba, na katikati ya Desemba hadi katikati ya Machi. Mfumo wa afya unaojua miezi ya hatari una kitu mkononi. Kundi lililochinjwa halifundishi mtu kalenda yoyote.

Waheshimiwa, siwafichi kitu kuhusu hatari. Durba, ng'ambo ya mpaka, Kongo, wachimbaji wa dhahabu wa mgodi wa Goroumbwa na jamaa zao waliteketea kati ya 1998 na 2000: wagonjwa 154, waliokufa 128. Maradhi yalikoma mgodi ulipojaa maji. Rwanda mwaka 2024, watu 66 waliugua na 15 wakafa, na chanzo kilifuatiliwa hadi kwa mchimbaji aliyekuwa akifanya kazi ndani ya pango la madini lenye popo. Hapa Uganda, wilayani Kween, mwaka 2017, watu watatu wa ukoo mmoja walikufa, na wa kwanza alikuwa mwindaji aliyeishi karibu na mapango. Katika visa hivi, binadamu aliingia alimolala popo, au aliishi karibu napo. Kwa hiyo kinachotakiwa kuondolewa shimoni ni binadamu.

Na akiondolewa popo, huenda wapi? Hilo nimeliona kwa macho yangu. Miaka kadhaa iliyopita, katika kijiji kimoja cha milimani ambacho sitakitaja, vijana waliamriwa kufukuza popo katika handaki la zamani la watafuta madini. Walichoma matairi na pilipili kavu mdomoni mwa handaki kwa siku tatu. Niliitwa siku ya nne, kama mwalimu, niseme kama kazi imekamilika. Handaki lilikuwa tupu kweli. Chini palikuwa na vichanga vya popo, vya rangi ya waridi, havijaota manyoya, ambavyo mama zao hawakuweza kuvibeba vyote katika moshi. Wiki iliyofuata popo walikuwa darini mwa nyumba, juu ya ghala la mahindi, na kwenye dari ya darasa la watoto wa chekechea. Waliokuwa mita mia tatu juu ya kijiji, sasa walikuwa juu ya vitanda. Hakuna aliyeugua, nashukuru Mungu. Lakini nilisimama darasani pale nikitazama kinyesi kwenye madawati madogo na sikuwa na neno la kumwambia mwalimu mwenzangu.

Wapo wanaouliza kwa nini popo wapende migodi yetu badala ya kubaki porini. Jibu ni kwamba mgodi ni pango lililochongwa kwa mikono. Ndani ya handaki refu joto halibadiliki sana mchana na usiku, hewa ina unyevu, na giza ni la kudumu. Mapango ya asili si mengi, na mengi yamekwisha kuvamiwa. Popo wala matunda wengi hulala mitini, kwa sababu katika giza totoro hawaoni. Huyu wa Misri ana kipaji ambacho jamaa zake wengi hawana: anapiga ulimi wake, ta-ta, ta-ta, na kwa mwangwi wa sauti hiyo anajua ukuta uko wapi. Ndiyo maana aliweza kuingia Kitaka kwa maelfu. Wale wadogo, wala wadudu, wenye pua kama kiatu cha farasi au kama jani lililokunjwa, wana sauti nyembamba ambayo sikio letu halishiki. Milima yetu ya Rwenzori imempa jina mmoja wao, popo wa pua ya kiatu cha farasi anayeishi katika milima ya Uganda, Kongo na Rwanda tu. Mtoto wa Kasese anamjua simba wa Queen Elizabeth, anamjua sokwe wa Kibale, lakini hajui kwamba mlima anaoutazama kila asubuhi una popo wa jina lake.

Na hawa wanafanya kazi. Mbegu za miti ya tini na za mvule hubebwa na popo wala matunda, wakaziangusha mbali, hata mahali palipofyekwa ambapo ndege wa msituni haendi. Nani kati yetu hajakalia kiti cha mvule? Wala wadudu nao hutoka kila jioni na kukamata mbu na nondo, wakiwemo nondo ambao mayai yao huangua viwavi vinavyoharibu mahindi. Tangu viwavijeshi vamizi viingie nchini mwaka 2016, wakulima wa bonde letu wametumia fedha nyingi kununua dawa za kupulizia. Sisemi popo watavimaliza. Nasema ni vibaya kumuua mlinzi wa usiku ambaye hukumwajiri wala humlipi. Ni kweli pia kwamba popo wa Misri hula maembe na ndizi mbivu za watu, na mwenye shamba ana haki ya kulalamika. Lakini kwa wala wadudu, mama mmoja huzaa mtoto mmoja tu kwa mwaka, kwa kawaida. Kundi lililouawa wiki moja halirudi kwa miaka mitano wala kumi.

Nchi nyingine zimelifanya hili. Iron Mountain, jimbo la Michigan, Marekani, shimo la wima la mgodi wa chuma wa Millie lilikuwa lijazwe ili watoto wasitumbukie. Ikaonekana maelfu ya popo wanalala humo majira ya baridi, basi badala ya kulijaza, wakalifunika kwa kizimba cha vyuma: popo anapita, mtoto hapiti. Combe Down, karibu na Bath, Uingereza, machimbo ya mawe yaliyokuwa chini ya nyumba za watu yalijazwa zege jepesi, lakini wahandisi wakaacha vyumba na njia kwa ajili ya popo, kwa kuwa sheria ya huko inamlinda popo na mahali anapolala.

Hapa naomba wataalamu wasikimbilie kunakili. Lango la kawaida la popo lina vyuma vilivyolazwa, kila kimoja kikiachana na mwenzake kwa sentimita 15 hivi, na linawafaa wale wadogo wala wadudu. Popo wa Misri ana mabawa yanayofika sentimita 60 yakikunjuliwa, na kundi la maelfu mengi linatoka kwa pamoja jioni kama moshi. Ukiweka vyuma hivyo mdomoni mwao, watarundikana, wataumia, watahama, na tutakuwa tumefanya kilekile cha matairi kwa gharama kubwa zaidi. Kwa mgodi kama Kitaka inafaa uzio imara unaozunguka mdomo kwa mbali, pamoja na walinzi. Kwa mahandaki madogo, lango.

Walinzi hao watoke kijijini. Hapa sipendi kusikia lugha ya kuwalaumu wachimbaji wadogo, maana nimelelewa kwa jembe na nyundo ya mchimbaji. Aliyetandaza nyavu Kitaka alikuwa na watoto wa kulisha na hakuna aliyekuwa amemweleza kitu. Mkifunga shimo bila kumpa kazi, atarudi usiku, na usiku ni mbaya kuliko mchana. Mpeni sare, mshahara na mafunzo ya kujikinga. Anazijua njia za mlima kuliko ofisa yeyote atakayetumwa kutoka Kampala. Na kijiji kipewe sehemu ya fedha za wageni, kama vijiji vinavyopakana na hifadhi zetu vinavyopata sehemu ya viingilio. Pango la Chatu linaonyesha kwamba watu hulipa kuja kutazama popo kupitia kioo. Linaonyesha pia kwamba marufuku bila ulinzi haitoshi, maana kamera zilizotegwa hapo hivi karibuni zilinasa chui na wanyama wengine wakiwala popo mlangoni, na zilinasa pia watu wakisogea karibu bila hata barakoa.

Sheria haihitaji kutungwa upya. Katiba, kifungu cha 39, inampa kila Mganda haki ya mazingira safi na yenye afya. Sheria ya Taifa ya Mazingira ya 2019 ilikwenda mbali zaidi, ikatamka kwamba asili yenyewe ina haki ya kuwepo, kudumu na kujirejesha. Sheria ya Wanyamapori ya mwaka huohuo inaruhusu kutangazwa hifadhi ndogo na maeneo ya wanyamapori ya jamii nje ya hifadhi za taifa. Na Sheria ya Madini ya 2022 inadai ardhi iliyochimbwa ikarabatiwe. Shida iko katika neno hilo la kukarabati. Wengi wanalielewa kuwa ni kujaza kifusi na kupanda nyasi juu. Ongezeni katika kanuni sharti moja: kabla ya mgodi wowote wa zamani kuzibwa au kufunguliwa upya, mtaalamu wa popo aukague katika misimu yote miwili ya mwaka, na ripoti yake iwekwe wazi. Hilo liihusu hata Kilembe yetu, ambayo kila baada ya miaka michache tunasikia itafufuliwa. Natamani ifufuliwe, vijana wapate kazi. Lakini kazi ilisimama humo zaidi ya miaka 40 iliyopita, na atakayeingia kwanza aingie akijua anamkuta nani.

Kuna jambo moja mnaweza kulifanya hata kabla bajeti haijasomwa. Ofisi ya jiolojia ya Entebbe ilianzishwa mwaka 1919, na humo zimo ramani za mashimo yaliyochimbwa kwa leseni enzi za ukoloni na baada ya uhuru: wolframu ya Kirwa na Nyamuliro huko Kigezi, bati la Mwirasandu na Kikagati, na mengine ambayo majina yake yamesahaulika hata na wanaoishi juu yake. Mamlaka ya Wanyamapori, kwa upande wake, ina watu wanaoweza kumtambua popo. Sijawahi kusikia kwamba pande hizo mbili zimekaa meza moja, zikaziweka ramani hizo juu ya meza, na kuweka alama mahali penye popo.

Naomba kikao hicho kifanyike kabla ya katikati ya Desemba, msimu wa hatari haujaanza. Nikiitwa nitakuja kwa gharama yangu. Ninazo picha za lile handaki la matairi, nimeandika tarehe nyuma ya kila moja. Mwaka jana nilipanda tena kulitazama, nikakaa nje, mbali na mdomo, hadi jua lilipozama nyuma ya mlima. Walitoka kumi na saba.

Wenu mtiifu,

Mwalimu wa baiolojia, mtoto wa mchimbaji wa Kilembe
Kasese